Mwenye Kata wa Newala: Dorika na Tangi Linalonukia Waridi

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi ameapa mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, na ameweka rehani mgongo wake wa mstaafu: ukipatikana humu uongo hata wa punje, atashuka bondeni hadi kwenye chemchemi na kupandisha ndoo ya maji mpaka Newala mjini, kwa miguu, bila baiskeli. Anayeujua mteremko ule ataelewa kwamba hicho si kiapo cha mtu mwenye mashaka.

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umeshika mapaa ya Newala. Ndani ya ghala kuukuu ukingoni mwa mji, mwanamke mmoja amepanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye tangi lenye urefu wa watu wawili. Kajifunga kanga mbili, moja ya heshima na moja ya baridi. Mkononi ana kata ya bati yenye mpini mrefu. Anafungua mfuniko, anainamisha uso, anavuta pumzi polepole kama mtu anayeonja mchuzi kwa pua.

"Bado," anasema, na anafunika.

Huyo ndiye Dorika, ambaye Newala nzima inamwita Mama Huruma kwa jina la binti yake. Chini ya ngazi wanawake wenzake wanakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayobaki watu wakishanyofoa korosho na kuziweka guniani. Maji ya mabibo yanachuruzika kwenye bomba hadi ndani ya tangi. Ukisimama mlangoni unapokelewa na harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo ambayo kila mwenyeji anaijua. Ukipiga hatua chache ndani, pua inachanganyikiwa. Unanusa waridi.

Si waridi la kichupa cha dukani. Ni waridi zito, lenye utamu wa asali kwa mbali, na linatoka kwenye mabibo yaleyale ambayo zamani yalikuwa yakiozea chini ya miti, yakiliwa na nzi na mbuzi.

Harufu hiyo ndiyo bidhaa ya kiwanda. Inasafirishwa Dar es Salaam, inatiwa kwenye sabuni za kuogea, na yawezekana wewe msomaji umeiogea asubuhi hii bila kujua kwamba imepita kwenye kata ya Dorika.

Dorika alizaliwa Chiungutwa, wilayani Masasi, akaolewa Newala na fundi baiskeli ambaye wateja wake wengi hulipa kwa mihogo. Usichana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Kiwanda kile kilipofungwa, yeye na wenzake walikaa getini asubuhi nyingi wakitarajia mlinzi atafungua. Mlinzi naye alikuwa akitarajia hivyohivyo.

"Nikarudi kwenye uraka," anasema. "Nakamua, nachachusha, nauza. Watoto wakala. Lakini uraka una msimu, na una walevi. Msimu ukiisha unabaki na walevi."

Soko huria lilipokuja, wanunuzi wa korosho walimiminika na magari kutoka kila upande. Mmoja wao, Mzee Awadhi, alilinunua ghala hili tupu na kutangaza kwamba ataweka kiwanda. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Newala, ambako kiangazi mtu anaoga kwa kikombe na maji yanayobaki anamwagilia mchicha, nani anaweka kiwanda?

Jibu lilikuwa ndani ya mabibo yenyewe. Bibo ni mfuko wa maji matamu unaoning'inia mtini, wala haudai bomba. Maji ambayo kiwanda kinahitaji zaidi ni ya kulowesha magunia yaliyozungushiwa tangi, ili lisipate joto kupita kiasi linapochacha.

Aliyeleta ujuzi ni fundi Edmund, mzaliwa wa Lukuledi, mtoto wa mwalimu, aliyesomea kemia na kufanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha sabuni huko Dar es Salaam. Mwandishi alimwomba amweleze namna tangi linavyofanya kazi. Edmund alianza vizuri, akafika kwenye neno kiyeyushi, akachora duara mchangani, kisha akaona uso wa mwandishi, akacheka na kumwita Mama Huruma aje asaidie.

"Hamira ndiyo mpishi," alieleza Dorika. "Tunaitia humo ndani pamoja na maji ya mabibo na unga mweupe anaouleta fundi. Inakula, inapika harufu. Lakini harufu ileile ikizidi inaikaba. Ni kama mpishi aliyefungiwa jikoni na moshi wake mwenyewe. Atapika, atakohoa, mwisho ataanguka. Sasa mafuta ndiyo dirisha. Tunayamwaga juu, yanakunywa harufu kadiri inavyotoka, na mpishi anaendelea kupika."

Edmund alitikisa kichwa kukubali. Mafuta yenyewe ni ya nyonyo, yale mazito ambayo bibi zetu walitupaka kichwani. Yakishashiba harufu yanaenguliwa na kupelekwa kwenye mtambo wa mvuke. Huko harufu inatenganishwa, nayo mafuta yanarudi tangini kunywa tena. Alishajaribu mengine. Mafuta ya taa yaliua hamira yote. Mafuta ya kupikia hayakuua kitu, ila harufu iliyapita pembeni kana kwamba wana ugomvi. Nyonyo ndiyo pole kwa hamira na yenye pupa kwa waridi.

Leo Dorika ndiye mwenye kata. Maana yake ni kwamba hakuna mtu mwingine, hata Mzee Awadhi mwenye mali, anayeruhusiwa kuengua kilichoelea juu ya tangi. Anasimamisha pangaboi la kukorogea, anasubiri mafuta yajitenge, kisha anayachota kwa utulivu bila kugusa maji yaliyo chini. Ni kazi ya mkono mwepesi. Mkono ukitetemeka, mafuta na maji vinavurugika na asubuhi nzima imepotea.

Namna alivyoipata kata hiyo ndiyo habari yenyewe, na watu wa Newala hawaisimulii bila kuketi kwanza.

Ulikuwa msimu wa kwanza wa kiwanda, Desemba ya mwaka 1996. Mzee Awadhi alikuwa amekwishachoka kutoa pesa bila kuona kitu. Alikuwa amempata mnunuzi mmoja, Bwana Fakihi, mwenye kiwanda cha sabuni, aliyekubali kusafiri toka Dar es Salaam kuja kuona harufu kwa pua yake. Na Mzee Awadhi alisema wazi mbele ya wafanyakazi wote: Fakihi akiondoka mikono mitupu, tangi litauzwa kama chuma chakavu na ghala litajazwa korosho. Wakamuaji walikuwa ishirini. Wengi wao walikuwa wale waliokaa na Dorika getini kule kiwanda cha zamani.

Edmund aliondoka kwenda Mtwara kutafuta kipuri cha jenereta. Tangi alimwachia Dorika. Alimfundisha kusoma kipimajoto, alimfundisha wakati wa kulowesha magunia na mwendo wa pangaboi. Habari ya mafuta hakuigusa. Alikuwa ameyamwaga mwenyewe adhuhuri moja, wanawake wakiwa wamekwenda kula.

"Nilidhani yanajieleza," anasema Edmund. "Kwangu mimi yalikuwa yanajieleza."

Na kwa Dorika yalijieleza vilevile, ila kwa maelezo mengine.

Nyumbani kwao, anayetengeneza uraka hajichukulii kinachopanda juu ya mtungi. Kile cha kwanza kuelea ni haki ya waliokamua. Unawaita, kila mmoja anakuja na chombo chake, unawagawia. Ukikificha unaitwa mchoyo, na mwaka unaofuata utakamua peke yako. Basi Dorika alipofungua tangi siku ile na kukuta tabaka la mafuta ya rangi ya dhahabu limetanda juu, linanukia kama nyumba ya bibi harusi, hakuwa na swali lolote. Mabibo yalikuwa yametoa cha juu. Na cha juu kina wenyewe.

Alisimamisha pangaboi, akasubiri kitulie. Akaita wakamuaji.

Walikuja na chupa za soda, na chupa za dawa ya kikohozi, mmoja alikuja na birika. Alianza na Shakila, rafiki yake wa tangu kiwanda cha zamani, mwanamke ambaye ulimi wake hauna likizo. Kisha akagawa mstari mzima bila kumpendelea mtu. Kilichobaki, dumu zima, alilipeleka kwa Bibi Isabela, nyakanga, yaani mama mkuu wa unyago, kwa kuwa likizo ya shule ilikuwa imefika na wali, wale wasichana waliokuwa ndani wakifundwa, walikuwa karibu kutoka. Mwali anatoka akiwa amepakwa mafuta ya nyonyo mpaka ang'ae. Dorika aliona safari hii watang'aa na kunukia.

Ndani ya siku mbili Newala ilikuwa mji mwingine. Wanaume walinukia waridi kwa sababu wake zao walinukia waridi. Msikitini watu walitazamana. Kanisani padri alisita katikati ya mahubiri, akanusa hewa, akaendelea. Mbuzi wa jirani yake Shakila, aliyelamba birika, alikataliwa na mbuzi wenzake. Na nyuki, kundi zima, walitoka kwenye mapori ya njia ya Masasi, wakaja wakatanda juu ya nyumba ya unyago kama wingu, wakivuma usiku na mchana.

Edmund alirejea Alhamisi juu ya lori la korosho, kipuri mapajani. Mnunuzi alikuwa anafuata Jumamosi pamoja na Mzee Awadhi. Fundi hakwenda hata kunawa uso. Alipanda ngazi, akafungua mfuniko, akabaki ameinama muda mrefu. Kisha akashuka na kuketi kwenye kidato cha mwisho.

"Mama Huruma, mafuta yako wapi?"

"Nimegawa."

"Umegawa?"

"Kwa waliokamua," alisema Dorika, na akaanza kuingiwa na wasiwasi wa aina nyingine. "Kwani nimempunja mtu?"

Edmund hakupiga kelele. Dorika anasema angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimweleza palepale, kwa sauti ya chini, habari ya mpishi na moshi wake. Hamira ilikuwa bado hai, lakini dirisha limefungwa. Harufu ingejaa humo ndani, na kufikia Jumapili tangi zima lingekuwa limekufa. Mafuta mengine hakuna. Yale yalikusanywa chupa kwa chupa tangu wakati wa palizi, kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji. Dukani huwezi kuyapata kwa dumu.

Shakila, aliyekuwa akisikiliza huku mikono imelowa mabibo, alitoa ushauri wake. Waseme tangi limevuja. Nani atajua? Kitu chenyewe kiko vichwani mwa watu.

Dorika anakiri kwamba ushauri ule alilala nao. Lakini kusema tangi limevuja kusingerudisha hata tone moja tangini, na ndicho kilichomsumbua. Uongo ungemwokoa yeye. Hamira ingekufa vilevile, na kiwanda nacho.

Ijumaa asubuhi Shakila alifika kazini na chupa yake ya soda mkononi, imejaa.

Hapo kuna jambo ambalo mgeni wa nyanda hizi anapaswa kulijua. Jirani akikupa kitu ndani ya chombo, chombo humrudishii kitupu. Unatia ulichonacho, chochote, kidogo au kingi. Shakila alikuwa ametia mafuta ya nyonyo, meupe, yasiyo na harufu, aliyoyatwanga mwenyewe. Edmund aliichukua ile chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akavuta pumzi mpaka tumboni.

Furaha ile haikufika adhuhuri. Chupa zilianza kurudi moja baada ya nyingine, kwa kuwa wanawake wa Newala wana adabu, na kila moja ilikuwa na kitu. Ya kwanza ilikuwa na mbaazi. Ya pili chumvi. Ikaja ya asali, ikaja ya unga wa muhogo, na birika lilirudi na togwa. Dorika alishukuru kwa kila kimoja.

"Fundi akaniuliza kwa nini nisiwaambie tu warudishe nyonyo," anakumbuka. "Nikamwambia, baba, huku kwetu mtu haagizi cha kurudishiwa. Unapokea, unashukuru. Ukitaja unachotaka, umekuwa mwombaji mbaya, tena asiye na haya. Mama yangu angesikia angenikana."

Alikwenda hivyohivyo. Mchana ule wote alipita nyumba hadi nyumba, akitaja. Kwenye mlango wa kwanza aliuliza habari za watoto mara mbili kabla ya kutaja. Kwenye wa pili mwenye nyumba alimtazama kana kwamba amevua nguo. Wengine walicheka, wengine walimpa kwa ncha za vidole, na mmoja alimwuliza kama atapenda pia kuchagua sahani. Jua lilipoanza kuinama alikuwa na mafuta yasiyofika robo ya dumu.

Lakini kwenye nyumba ya Bibi Isabela aliona kitu. Pembeni mwa ukuta ulisimama mtungi mkubwa, umefunikwa kwa jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na nyonyo yote iliyotwangwa na mama wa wali kwa ajili ya siku ya kutoka. Haikuguswa, kwa sababu wali walikuwa wanapakwa yale ya waridi.

Dorika alipiga magoti na kuanza kueleza. Bibi Isabela alimkatiza. Mtungi ule haukuwa wake, alisema, ulikuwa wa mama wa watoto. Na neno la kutaja cha kurudishiwa halisemwi chumbani. "Kesho tunawatoa wanangu. Utakuja uwanjani, utasema mbele ya watu unataka nini na kwa nini. Wenyewe watasikia, wataamua."

Jumamosi Mzee Awadhi alifika na mgeni wake. Fakihi alikuwa mtu mnene, mwenye suruali ya kitambaa na leso ya kujipepea, amechoshwa na barabara ya vumbi. Alitaka kuliona tangi mara moja. Edmund, ambaye hana kipaji cha uongo, alisema kwamba tangi linapumzika, na kwamba si vizuri mgeni kuja Newala siku ya wali kutoka na asitazame ngoma. Kwa hiyo watu wawili ambao Dorika aliwaogopa kuliko wote duniani walikuja wakawekewa viti mstari wa mbele kwenye uwanja uleule.

"Nilipowaona, miguu ilitaka kurudi nyumbani bila mimi," anasema.

Ngoma ilikuwa inachezwa tangu asubuhi. Wali walitoka wamefunikwa, wakafunuliwa, wanang'aa kama vyungu vipya, na harufu ikatangulia mbele yao. Halfani, mpiga ngoma mkuu, aliyekuwa amepakwa kifuani na mama mmoja kwa furaha, alikuwa analowa jasho toka kichwani hadi miguuni. Bibi Isabela aliinua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Mama Huruma ana neno."

Dorika alisimama katikati. Bado angeweza kukaa kimya. Mzee Awadhi alikuwa hajui lolote, na fundi asingemtaja. Alilitazama lile jani la mgomba juu ya mtungi, akasema:

"Mama zangu, shikamooni. Mzee Awadhi, shikamoo. Niliachiwa tangi nililinde, nikagawa kilichokuwa juu yake kama tunavyogawa nyumbani. Hakikuwa cha kugawa. Harufu mnayoinusa leo ni mali ya kiwanda, na niliyeitoa ni mimi, hakunituma mtu. Sasa lile tangi linakufa. Ninautaka huo mtungi wa nyonyo, tena ninautaka leo. Nimetaja ninachotaka, mnisamehe."

Mzee Awadhi alisimama taratibu, uso umekuwa mweusi.

Sauti ilitoka nyuma, na ilikuwa ya Shakila. "Mama Huruma, ukishamaliza kuchagua mafuta, utuchagulie na waume wapya. Hawa wa kwetu nao tulirudishiwa bila kuulizwa tunataka nini."

Uwanja uliangua kicheko, na ndani ya kicheko kile mama mmoja wa mwali alisema mtoto wake amekwishang'aa, mtungi wauchukue. Wa pili akasema hivyohivyo. Bibi Isabela hakusubiri wa tatu. Aliamuru vijana wainue.

Mzee Awadhi alikuwa bado amesimama, anatafuta maneno. Alipogeuka kumwomba mgeni wake radhi, kiti kilikuwa kitupu. Fakihi alikuwa amevuka uwanja, ameinama mbele ya Halfani, pua karibu na kifua cha mpiga ngoma, ananusa.

"Huyu amepiga ngoma tangu saa ngapi?" aliuliza.

Aliambiwa tangu jua linachomoza. Akanusa tena. Halafu akaomba ile kanga iliyolowa jasho aliyojifutia Halfani, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni mwake. Alimwambia Mzee Awadhi kwamba manukato anayoyanunua kutoka nje yanakufa mtu akitoka bafuni tu. Waridi hili limekaa juu ya jasho la mpiga ngoma siku nzima, tena kwenye jua. Hakutaka tena kuoneshwa kitu kwenye chupa. Alitaka kujua tu kama tangi litapona.

Lilipona. Mtungi ule ulimiminwa jioni hiyohiyo, Dorika akiwa ameshika mdomo wa mtungi na Edmund ameshika ngazi. Asubuhi iliyofuata alipoinamisha pua, waridi lilikuwa limeanza kupanda kwenye mafuta mapya. Na kwa kuwa ya kwanza yalikuwa yametolewa na ya pili yametiwa, hamira ilifanya kazi muda mrefu kuliko majaribio yote yaliyotangulia.

"Vitabu vinasema mafuta yabadilishwe yakishiba," anasema Edmund. "Nilikuwa naijua hiyo. Nilichokuwa sijui ni pa kuyapata ya kubadilishia. Nilikuwa nakwenda vijijini kuyanunua, na watu walikuwa wananiuzia kidogo, kama mgeni. Mama Huruma aliyaomba, wakampa mtungi."

Dorika alitarajia kufukuzwa. Mzee Awadhi alimwambia neno moja tu: Jumatatu aje na kata yake. Baadaye aliueleza uamuzi wake kwa wengine. Mtu aliyesimama mbele ya mji mzima na kusema nimemwaga, alisema, huyo ndiye hatamwaga tena.

Leo, misimu miwili baadaye, wakamuaji ni thelathini na wawili. Nyonyo imepandwa kwenye ua wa karibu kila nyumba, na wanaolima wanaileta wenyewe. Desturi ya cha juu haikufa: kila mwisho wa msimu Dorika anachota kata moja ya mafuta yenye harufu kwa kila mkamuaji, kwa idhini ya mwenye mali. Nyumba yake imeezekwa bati, na Huruma anasoma sekondari bila kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Si kwamba mambo yote ni waridi. Mabibo yanakuja kwa miezi michache tu. Mvua zikishika, tangi linakauka, na wanawake thelathini na wawili wanarudi kwenye majembe. Kiangazi kikiwa kikali, maji ya kulowesha magunia yanapandishwa kutoka bondeni, ndoo kwa ndoo, na Dorika ana kovu begani la mti wa kubebea.

Ndiyo maana anaota tangi la pili. Wamejaribu kuanika mabibo juani na kuyaloweka baadaye, na hamira haikununa. Mabibo makavu yakitosha, kazi itavuka masika. Mzee Awadhi amekubali kununua chuma. Msingi wa zege wa tangi hilo umemwagwa wiki hii nyuma ya ghala, na Dorika huenda kuutazama kila jioni kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

"Likisimama," anasema, "hakuna mtu atakayekaa getini tena kusubiri mlinzi."

Makala haya yalipaswa kuishia hapo. Lakini kwa uungwana mwandishi aliyapeleka kwanza kwa mwenyewe, na Huruma akamsomea mama yake kwa sauti, Shakila akiwa ameketi mkekani anachambua mbaazi. Ilipita habari ya getini, ikapita ya chupa. Ya mbuzi ilipita pia, kwa kuwa Shakila alisema yule mbuzi alikuwa hivyo hata kabla. Ilipofika ya nyuki, Dorika aliinua mkono kama Bibi Isabela.

"Rudia hapo."

Huruma akarudia.

"Nyuki gani?" aliuliza Dorika. "Kwenye nyumba ya unyago nilifika mimi mwenyewe siku zile. Hata nzi hawakuwa wengi."

Mwandishi alijitetea kwamba nyuki mmoja alimwona mwenyewe, kwa macho haya. Shakila aliuliza kama nyuki mmoja anaweza kutanda kama wingu, au labda alikuwa amenenepa sana. Mashahidi wawili wa kiapo waliitwa. Hawakuchelewa kukubaliana kwamba ndoo inadaiwa, jambo ambalo kwa msikiti na kanisa la mtaa huu si la kila siku.

Kwa hiyo Jumanne watu waliokuwa sokoni Newala walimwona mtu mzima akipanda kutoka bondeni na ndoo begani, anasimama kila mara kuongea na goti lake. Alipofika ghalani, Dorika aliipokea ndoo kwa mikono miwili, akampa pole, akaenda nayo moja kwa moja hadi nyuma, kwenye ule msingi wa zege ambao unataka kuloweshwa kila siku usije ukapasuka. Akamimina. Maji yakatanda juu ya zege, yakafika katikati, yakaisha.

Akaitazama ndoo ndani, kisha akamtazama aliyeileta.

"Nusu," alisema. "Kama makala yako."

Akamrudishia ndoo. Ndani yake, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, alikuwa ametia bibo moja lililoiva, la kula njiani. Mwandishi akaiweka ndoo begani, akageuka, akaanza kushuka tena bondeni.